Nyuki wa Mzee Bukuru na Kisigino cha Baba

Kibondo,
Juni, 2013

Baba yangu mpenzi,

Assalamu alaykum. Shikamoo mara mbili, moja ya leo na nyingine ya akiba, maana ukifika katikati ya barua hii huenda ukaninyima marahaba. Hamjambo hapo Usangi? Mgongo wa Mama unaendeleaje? Ile migomba ya nyuma ya jiko iliyoangushwa na upepo imesimama tena? Mimi sijambo, namshukuru Mungu. Huku ni msimu wa baridi. Asubuhi ukungu unakaa mpaka mlangoni mwa wodi, na wagonjwa wanafika wamejitanda mablanketi, lakini kwa mtu aliyezaliwa kwenye milima yetu baridi hii ni ya kitoto. Hata chakula nimekizoea. Mafuta ya mawese niliyoyakimbia mwanzoni, siku hizi yasipokuwamo kwenye maharage nauliza yako wapi.

Rehema mdogo wangu, najua wewe ndiye unayesoma, kwa sababu Baba amekwisha kusema miwani haionekani. Soma polepole na usiruke mstari. Mama akae karibu asikie.

Baba, nimeandika kwa sababu simu yako ina ugonjwa wa ajabu. Nikikuuliza habari za kahawa, mtandao upo. Nikikuuliza nani kaoa na nani kaachika, mtandao unapasua sikio. Nikigusa habari ya sukari tu, “Aloo, aloo, mwanangu sikusikii,” kisha kimya. Basi nimeona nikuletee maneno yasiyokatika. Anayekukabidhi barua hii ni mwalimu mmoja wa kwetu Upare, anayefundisha Kasulu. Wamefunga shule anakuja likizo. Mpe chai, amepanda mabasi mengi.

Mama ameniambia habari ya pini. Usimkasirikie, nilimbana mwenyewe. Alisema mlikuwa mnaswali alasiri, wewe mbele na yeye nyuma, na uliposujudu akaona pini ya kushonea imezama kwenye kisigino chako, kichwa chake cha buluu kimekaa juu ya ngozi kama kifungo. Hakujua tena rakaa ya ngapi. Mlipotoa salamu akaichomoa, nawe ukacheka ukasema ngozi ya fundi cherehani ni ngumu kama ya nyati. Mwaka jana nilipokuja ulinisifia kanyagio la cherehani, kwamba siku hizi limekuwa laini, kana kwamba unakanyaga sufi. Ulisema ni yale mafuta mapya uliyolitia. Nimekaa na mambo hayo mawili, pini na sufi, na nimeogopa. Nakwambia hivyo hivyo bila kuzunguka: nimeogopa.

Sasa nikusimulie habari za Mzee Bukuru. Usitabasamu ukidhani nimebadili mazungumzo. Mwenyewe ameniruhusu kuyasema, tena ni zaidi ya kuniruhusu, ameniagiza.

Mzee Bukuru ni mrina asali. Ana mizinga yake ya magogo msituni, ametundika juu ya miti, na kazi hiyo aliirithi kwa baba yake. Ukimtazama utampenda, maana ni mzee wa umri wako, mwembamba, mcheshi, na salamu zake hazina mwisho. Atakwambia “Mwakeye,” atapiga makofi taratibu, atauliza ulivyoamka, watu wa kwenu walivyoamka, mpaka ng'ombe usio nao. Akipanda kurina hufunika kichwa na mikono kwa matambara, lakini miguu huwa mitupu, kwa sababu mti hauparamiwi kwa viatu. Kwa hiyo nyuki humpata miguuni.

Wenyeji wa huku, hasa wazee warina asali, wanaamini nyuki wanajua siri za watu. Mrinaji hutakiwa atoke nyumbani kwa amani. Akiwa amegombana na mkewe, au amepita kwenye nyumba isiyo yake, nyuki watamkamata. Basi akirudi msituni, mkewe humkalisha kwenye kigoda, anashika miguu yake na kumtoa miiba ya nyuki kwa kucha, mmoja mmoja. Hapo ndipo mzaha wa ndoa ulipo. Miiba ikiwa michache mke anacheka. Ikizidi anauliza, “Ehe, ulipitia wapi?” Desturi hiyo unaweza kuiona ni ya kuchekesha tu. Kumbe ilikuwa pia ni tiba.

Misimu miwili iliyopita Mzee Bukuru alianza kurudi nyumbani akisema hakuumwa na nyuki hata mara moja. Mkewe, wanamwita Mama Yohana, alifurahi mno. Mume ambaye nyuki wamemkubali si jambo dogo. Alijisifu kisimani, alijisifu kwenye kwaya. Na kwa kuwa hakukuwa na miiba ya kutoa, akaacha kumkalisha kwenye kigoda. Miguu ile haikutazamwa tena na mtu yeyote.

Alipoletwa hapa, ni harufu iliyomleta. Mama Yohana alidhani panya amekufa chini ya kitanda. Kumbe mzee alikanyaga kisiki, akapata kidonda chini ya vidole, akakipaka asali yake na kuendelea na safari zake. Tulipompima, sukari ilikuwa juu sana. Nikampeleka kwenye chumba cha kufungia vidonda, mkewe akasimama mlangoni.

“Nesi, hako kadonda kasikusumbue,” akaniambia. “Ni kadogo, tena hakaumi.”

Nikaosha mguu. Kidonda kilikuwa kimechimba ndani na usaha ulikuwa umeanza kupanda. Lakini nilipofika kwenye kifundo na katikati ya vidole nikaona vitu vyeusi vidogo vidogo, vingine vimeshaanza kufunikwa na ngozi. Nikachomoa kimoja kwa kibano, nikakitazama kwenye mwanga wa dirisha. Ulikuwa mwiba wa nyuki. Nikachomoa mwingine, na mwingine.

“Pole sana, mzee,” nikasema kwa sauti, mimi mtu wa Upare nisiyejua nilipo. “Nyuki wamekuuma vibaya.”

Baba, Mama Yohana akasogea, akaangalia ile miiba ndani ya bakuli, akamwangalia mumewe, akajifunga khanga vizuri na kutoka. Mzee akafumba macho. Suzana, mhudumu wetu ambaye ni mwenyeji wa hapa, akanivuta pembeni. “We Zuhura,” akaninong'oneza, “umemvunjia mzee wa watu nyumba yake!” Ndipo akanieleza yote hayo niliyokueleza.

Kutoka hapo Mzee Bukuru hakukubali kuguswa. Daktari wetu alimweleza wazi kwamba usaha unapanda, kwamba kidonda kifunguliwe siku hiyo hiyo, vinginevyo watazungumza habari za mguu mzima na pengine za uhai. Akatikisa kichwa. “Oya, daktari,” akasema, na oya kwao ni hapana. “Nikipona mguu huku mke wangu ananifikiria mzinzi, hapo nimepona nini? Aje kwanza anisikie.” Unaona, Baba, wanaume wenye vichwa vigumu wako kila mkoa, si Usangi peke yake.

Nikamfuata Mama Yohana kwenye banda ambako ndugu wa wagonjwa hupikia. Alikuwa amekaa mbele ya moto wa watu wengine, hana hata sufuria. Nikamwamkia, nikachutama. Nilimwambia kuwa mumewe hakudanganya. Akasema, “Mwanangu, miiba nimeiona kwa macho yangu. Yeye alisema hawakumuuma. Kwa nini anifiche, kama hana la kuficha?” Nikamwomba aje aone kitu kimoja tu, kisha aamue mwenyewe kama anakwenda nyumbani. Njiani nikakwanyua unyasi mmoja mgumu kwenye ufagio wa uani.

Nikamwambia mzee afumbe macho, na kila nitakapomgusa aseme “ego,” ndiyo. Nikamgusa mkono. “Ego.” Nikamgusa goti. “Ego.” Nikamgusa chini ya goti, akafikiri kidogo, “Ego.” Nikahamia mguu wake mzima, ule usio na kidonda. Kifundo, kimya. Unyayo, kimya. Nikabonyeza mpaka unyasi ukapinda. Nikampa Mama Yohana ule unyasi. Kwanza alijichoma mwenyewe kiganjani, akashtuka, kisha akaanza kumgusa mumewe kidole kimoja baada ya kingine, kisigino, katikati ya unyayo, akirudia na kurudia. Mzee amefumba macho, mtiifu kama mwanafunzi, anangoja.

Mwishowe akasema, “Nesi, mbona huanzi? Nimechoka kufumba macho.”

Mama Yohana akaziba mdomo kwa mkono. Mimi pia ilibidi niangalie dirishani. Kisha yule mama akavuta kigoda, akakaa, akauchukua mguu wenye kidonda akauweka mapajani bila kujali harufu, akaanza kutoa miiba iliyobaki kwa kucha zake.

“Walikuuma, mzee wangu,” akasema. “Walikuuma siku zote.”

Mzee akafumbua macho. “Waliniuma?”

“Ego. Wewe tu hukuwa na habari.”

Akafikiri. Niliona swali linavyomsumbua usoni. “Kwa hiyo unaniacha urudi nyumbani?”

“Nirudi kufanya nini? Nyuki wanauma hata padri.”

Wakacheka wote wawili, na katika kile kicheko daktari akapata ruhusa. Alikifungua kidonda alasiri ile ile. Vidole viwili vya mwisho havikuokoka, vilikuwa vimekufa. Mguu umebaki.

Siku chache baadaye, sukari ikiwa imeanza kushuka kwa sindano za insulini, mzee aliuliza swali ambalo najua na wewe ungeuliza. Asali huponya vidonda, ndivyo babu zake walivyotumia, sasa kwa nini chake kilikataa? Daktari akakaa kitandani kwake akamweleza. Ndani ya damu kuna chembe nyeupe, nazo ndizo walinzi wa mwili. Ngozi ikichanika zinatoka kwenye mshipa, zinafuata vijidudu mpaka vilipojificha na kuvimeza. Sukari ikikaa juu muda mrefu, chembe hizo zinakuwa nzito. Zinachelewa kufika, na zikifika zinashika vijidudu lakini hazina nguvu ya kuvimaliza. Na nyingine zikishafika haziondoki, zinabaki palepale zikiichokoza nyama, hata kidonda kinakaa kibichi miezi mingi na hakianzi kujifunga.

Mzee Bukuru akasikiliza hadi mwisho, akapiga kofi moja. “Kumbe ni moshi!” akasema. “Ukiwapulizia nyuki moshi, wanakimbilia asali, wanajaza matumbo, wanakuwa wazito. Unatia mkono ndani ya mzinga na walinzi wapo, wanakutazama tu. Basi mwilini mwangu mmejaa moshi.” Daktari alicheka, akasema kuanzia siku hiyo ataeleza hivyo hivyo kwa kila mrinaji.

Wewe huna mizinga, kwa hiyo mimi nitakueleza kwa nguo. Unamkumbuka yule bwana harusi aliyetaka kanzu yake itiwe wanga mpaka isimame yenyewe? Ulimkataza, akang'ang'ania, na kola ikapasuka kwenye mkunjo kabla pilau halijapakuliwa. Sukari iliyozidi hufanya hivyo kwenye nyuzi za mwili. Inaganda kwenye nyuzi za ngozi na kwenye kuta za mishipa, zinakakamaa. Kisigino kinakauka na kupasuka. Mishipa midogo ya damu inasinyaa, na kwa kuwa zile chembe nyeupe husafiri kwa damu, hata zile zilizo na nguvu zinakosa njia. Mishipa ya fahamu nayo inaharibika, na ile mirefu inayofika miguuni ndiyo ya kwanza kufa. Ndipo mtu anapokanyaga sufi, Baba. Ndipo pini inapoingia mpaka kichwani na mwenye kisigino anaendelea kusema Subhana Rabbiyal A'la. Si mafuta ya cherehani.

Mwezi uliopita nilipelekwa Kasulu kwenye mafunzo ya ugonjwa huu, na nilirudi na habari njema moja na mbaya moja. Njema ni kwamba chembe nyeupe zina moyo wa kusamehe. Sukari ikishuka na kutulia, zinaamka na kurudi kazini, na nimeyaona kwa macho yangu kwenye mguu wa Mzee Bukuru. Nyama iliyokuwa ya kijivu sasa ni nyekundu, inajaza shimo kutoka chini. Mbaya ni kwamba mishipa ya fahamu haisamehe hivyo. Iliyokufa mara nyingi haifufuki, na mtu wa namna hiyo inambidi aazime macho ya mwenzake maisha yake yote. Mama Yohana amerudisha kigoda. Kila jioni anaketi, anashika miguu ya mumewe, anaitazama juu na chini na katikati ya vidole, nyuki wawepo wasiwepo.

Najua utakavyosema. Utasema Ramadhani inakuja, baada yake Idd, na watu wote wa mlima ule wanataka kanzu na magauni, na fundi hawezi kuacha cherehani msimu wa kazi. Utasema kidonda hakipo, kuna kijitundu tu. Baba, hata kidonda cha Mzee Bukuru kilianza kijitundu. Mficha maradhi kilio humuumbua, na wewe ndiye uliyenifundisha maneno hayo nilipokuwa naficha jino bovu. Kapime sukari. Waonyeshe hospitalini kisigino na uwaambie habari ya sufi bila kuona haya. Na habari ya kufunga uiulize huko huko kwa daktari, usiiamue na wazee wenzako barazani.

Ndani ya mfuko aliouleta mwalimu kuna soksi nyeupe nilizokununulia Kasulu. Najua utasema nimekufanya mtoto wa shule. Ni nyeupe ili damu au maji ya kidonda yakitoka yaonekane, kwa sababu wewe hutayasikia. Usikanyage tena sakafu ya kibanda chako cha kushonea bila viatu, hapo chini pamejaa pini za miaka yote. Maharage ni ya wote. Ile chupa ya asali ni ya Mama na Shangazi Mwajuma, imetoka kwenye mzinga wa Mzee Bukuru mwenyewe. Wewe hata kuilamba usiilambe. Amekutumia salamu badala yake. “Mwambie baba yako,” alisema, “kama mguu hauumi, ndio auogope.”

Nisalimie Shangazi Mwajuma anayesema sukari ni ugonjwa wa matajiri, mwambie Mzee Bukuru hana hata baiskeli. Nisalimie Mjomba Idi dereva, na umwambie nimemwomba awe tayari na gari asubuhi ya kesho yake, barua hii ikishasomwa, akupeleke hospitalini kama itahitajika. Bibi mzaa Mama mbusu mikono kwa niaba yangu. Mama, nashukuru ulivyotazama siku ile ya alasiri. Endelea kutazama, hata nje ya swala.

Sasa Rehema, weka barua chini kidogo, ukachukue unyasi mmoja mgumu kwenye ufagio, kisha urudi usome hapa palipobaki. Mama, sogea. Baba, nyoosha miguu, fumba macho, na usichungulie kama unavyochungulia mpinzani wako akishika karata. Rehema atakugusa pole pole, vidole, unyayo, kisigino, na kila unapohisi useme “hapo.” Ukisema “hapo” kila mara, nicheke mwaka mzima, nami nitakuja Usangi kuomba radhi mbele ya wateja wako. Lakini ukijikuta umekaa, macho umefumba, unamuuliza mwanao mbona haanzi, basi ujue ameshamaliza.

Mwanao akupendaye,
Zuhura